Mwiko wa Mbao au wa Silikoni? Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kuandaa na Kutunza kwa Majiko ya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi huu peke yake watu wanne wameniuliza swali hili, na wote wamekuja wakiwa wameshaharibikiwa. Dada mmoja wa Iringa mjini alinunua seti ya vipande 12 vya silikoni, ile inayofanana na mpira laini. Mwiko aliousongea ugali ukakatika shingo wiki ya pili. Mama mmoja wa Tukuyu ameona mwiko wake mpya wa mbao ukiota madoa meusi kabla ya miezi miwili kwisha. Wa tatu aliachiwa kitu cheusi kinachonata ndani ya mafuta ya maandazi, na kijiko aliambiwa ni silikoni. Wa nne ametupa mwiko mzima kwa sababu ya harufu ya usipa, wale samaki wadogo.

Wote walinunua kwanza, ndipo wakaanza kufikiria sufuria na moto. Hapa tutakwenda kinyume chake. Nitasema mapema ninachokiamini: familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zinahitaji miiko miwili mizuri ya mbao na mwiko mmoja imara wa silikoni. Fedha ya seti nzima afadhali iende kwenye vitu hivyo vitatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Msasa wa aina tatu: namba 120, 240 na 400. Kipande cha kila namba kinatosha, na maduka ya vifaa vya ujenzi huuza kwa kipande.
- Mafuta ya nazi, kikombe kimoja.
- Nta ya nyuki iliyochujwa, kipande cha ukubwa wa kiberiti. Wauza asali wengi wanayo ukiwaagiza.
- Kopo safi, na sufuria ndogo ya kulitia ndani yake.
- Vitambaa viwili vya pamba visivyotoa nyuzi.
- Magadi ya kupikia, chumvi ya unga na limau.
- Kamba au misumari ya kutundikia mahali penye hewa.

Ukikosa nta, endelea na mafuta ya nazi peke yake. Ukikosa msasa usianze, kwa sababu hatua ya nne haifanyiki bila huo.

## Hatua ya 1: Kagua jiko na sufuria zako

Toa sufuria zote uziweke mezani. Zigawe mafungu mawili: zile za alumini, chuma na udongo upande mmoja, frampeni na sufuria zenye utando mweusi usioshika chakula upande wa pili.

Kisha angalia moto. Jiko la gesi unalipunguza kwa kidole. Jiko la mkaa halipunguziki haraka, na joto lake hupanda pembeni mwa sufuria hadi kwenye mpini wa kijiko. Kuni ndizo kali zaidi, maana ndimi za moto hulamba ukingo wa sufuria.

Sababu ya ukaguzi huu ni hii: silikoni nzuri huvumilia joto la nyuzi 220 hadi 230 hivi za Selsiasi, nyingine zaidi kidogo. Chakula chenye maji hakifiki huko. Hapa Mbeya, tulipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Lakini chuma cha chapati juu ya mkaa uliokolea kinaweza kupita nyuzi 230, na kaa lenyewe lina mamia ya nyuzi. Silikoni ikigusa kaa haiyeyuki kama plastiki. Inaungua, inakauka na kumeguka vipande, na vipande hivyo vitaingia kwenye mboga.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema bila kusita ni sufuria ipi inatumika kwenye moto upi. Kama nyumba nzima inapika kwa kuni na sufuria za alumini, hatua ya tatu unaweza kuiruka kabisa.

## Hatua ya 2: Chagua mwiko wa mbao sokoni

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Angalia nyuzi za mti kwanza. Shika mwiko kwenye mwanga, fuata mistari ya mti kutoka kwenye mpini hadi kwenye bapa. Mistari ipite shingoni moja kwa moja, bila kukatizwa. Ukiona mistari inatoka pembeni mwa shingo kama imekatwa kwa mshazari, urudishe. Anayesonga ugali wa watu wanane hukandamiza unga kwenye ubavu wa sufuria, na nguvu yote hukusanyika shingoni. Mwiko wenye nyuzi zilizokatizwa huvunjikia hapo hapo.

Somo hili nililipata kwa mchongaji mmoja mzee barabara ya kwenda Tukuyu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikachukua mwiko uliong'aa kuliko yote. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Huo ni wa kutazama. Chukua huu." Alionipa ulikuwa mnene shingoni na haukuwa na mng'ao wowote. Akaugonga kwenye jiwe, ukalia kwa sauti kavu ya juu. Wa kwanza ulipogongwa ulitoa sauti nzito ya chini, kama unapiga mgomba, kwa sababu ulikuwa bado mbichi ndani.

Pima ukavu. Fanya alivyofanya yule mzee: gonga. Kisha gusisha bapa la mwiko kwenye shavu, halafu gusisha mwingine. Mbao mbichi ni ya baridi zaidi na nzito zaidi kuliko mwenzake wa ukubwa ule ule. Ukifika nyumbani na kuuweka karibu na jiko, utapasuka.

Uliza mti. Mninga na mkongo ni miti mizito, yenye nyuzi zilizoshikana, na hudumu. Mninga unaweza kutoa maji mekundu siku za kwanza, usiogope, yataisha. Mpera ninaupenda kuliko yote kwa vijiko vidogo, kwa sababu ni mgumu, hauna harufu na hupatikana uani kwetu. Mwiko wa mama yangu ni wa mpera, na ukiushika unaona upande mmoja wa bapa umelika karibu upana wa kidole kwa kukwangua sufuria kwa mkono wa kulia miaka yote hiyo. Haujawahi kupasuka.

Paini tunayo tele, maana msitu wa Sao Hill uko hapo Mufindi, na ndiyo maana miiko ya paini ni rahisi. Lakini paini ni laini, ina utomvu unaonuka kama tapentaini, na baada ya muda bapa huanza kuchambuka kama ufagio. Nunua ya paini kwa dharura tu. Mkaratusi ni mgumu ila hupenda kupinda na kupasuka usipokaushwa polepole.

Onyo kubwa. Kuna mabaki ya mbao ambayo hayafai kabisa kugusa chakula. La kwanza ni mabaki ya nguzo za umeme na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ambayo ni mengi Mafinga na Njombe. Mara nyingi yana rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Dawa mojawapo inayotumika ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Usichongee mwiko, na nakusihi usiyatie hata jikoni kama kuni, kwa sababu moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo hiyo. La pili ni vipande vya mbao zilizounganishwa kwa gundi. La tatu ni mti wenye utomvu mkali kama mnyaa. Muuzaji akishindwa kukuambia mbao imetoka wapi, nenda kwa mwingine.

Kataa pia mwiko uliopakwa vanishi inayong'aa kama kabati. Vanishi hubanduka kwenye mvuke na kuingia kwenye chakula.

Kipimo cha urefu: kwa sufuria ya familia, mwiko uanzie kwenye ncha za vidole hadi kwenye kiwiko chako. Bapa liwe na upana wa vidole vinne. Mwiko wa pili uwe mfupi, wa mboga na mchuzi.

## Hatua ya 3: Chagua mwiko wa silikoni bila kuuziwa plastiki

Silikoni ina kazi yake, na ni kazi ambayo mbao haiifanyi vizuri: kugeuza mayai kwenye frampeni yenye utando, kukwangua unga wa keki hadi bakuli libaki safi, kukoroga sosi laini na uji wa mtoto bila kuacha kitu kwenye kona. Chuma huchana utando wa frampeni. Mbao haiuchani ikiwa laini, ila ncha yake ni nene na haifiki pembeni.

Tatizo ni kwamba sokoni, iwe Mwanjelwa au kwingineko, naironi nyeusi, ambayo ni plastiki ngumu, na silikoni hupangwa meza moja na kuitwa jina moja. Zipambanue hivi:

Kunja. Silikoni inakunjika kama ulimi na kurudi ilivyokuwa. Naironi ni ngumu, inapinda kidogo tu.

Finya na usokote. Finya sehemu bapa kwa vidole viwili uisokote. Ikibaki na rangi yake, ni dalili njema. Ukitokea mstari mweupe pale ulipofinya, kuna uwezekano imechanganywa na vitu vingine vya kuijaza. Kipimo hiki hakifai kwa silikoni nyeupe, na hata kwa zenye rangi kichukue kama dalili tu.

Nusa. Harufu kali ya mpira wa kandambili ni sababu tosha ya kuiacha.

Kandamiza. Weka ncha mezani, sukuma mpini kama unayekwangua sufuria. Shingo ikilala kama sikio la sungura, ndani hakuna mhimili. Unataka yenye mhimili wa chuma au naironi ngumu ndani, iliyofunikwa silikoni kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Zile zenye kichwa cha silikoni kilichochomekwa kwenye mpini wa mbao ni nzuri kutazama, ila maji huingia kwenye kiungo. Vuta kichwa: kikitoka, chungulia ndani kabla ya kulipa.

Soma. Tafuta joto lililoandikwa kwenye mpini au karatasi, na alama ya glasi na uma inayomaanisha kifaa kimekusudiwa kugusa chakula. Kisichoandikwa joto lolote kitumie kwa vitu vya baridi tu.

Ukifika nyumbani, kichemshe dakika kumi kwenye maji matupu. Maji yakibadilika rangi au yakinuka plastiki, usikitumie kupikia.

Umefaulu ikiwa kimetoka kwenye maji kikiwa na umbo lile lile, hakinati, na maji yamebaki safi.

## Hatua ya 4: Andaa mwiko wa mbao kabla ya ugali wa kwanza

Ukiruka hatua hii utaishia kwenye madoa meusi ya ukungu, kama yule mama wa Tukuyu. Inachukua siku nne au tano, lakini kazi ya mikono haizidi saa moja.

Siku ya kwanza. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, simamisha kivulini. Maji haya yana kazi: huzinyanyua nyuzi zilizolala. Ukipitisha kidole baada ya kukauka utahisi umekuwa kama ndevu za siku mbili. Usiukaushe juani kali wala juu ya jiko. Nje hukauka na kusinyaa upesi huku ndani bado kuna unyevu, na mbao hupasuka.

Siku ya pili. Piga msasa namba 120 ukifuata mistari ya mti, kamwe usiikatize. Ingia 240, maliza na 400. Shingo na ukingo wa bapa ndivyo vya kuhangaikia zaidi. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi kidogo, uache ukauke, kisha urudie 400 mara moja.

Siku ya tatu. Tengeneza mafuta. Weka nta sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu nne kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja motoni, maana nta ikizidi joto hushika moto. Huku kwetu mwezi wa Juni na Julai mafuta ya nazi huwa yameganda kama samli. Hayajaharibika, yatayeyuka humo humo.

Kwa nini si mafuta ya alizeti, ambayo ndiyo yaliyojaa majumbani Iringa na Njombe? Kwa sababu alizeti ikipakwa kwenye mbao inakaa juu, inanata, na baada ya wiki kadhaa hunuka kama mafuta ya zamani. Ya nazi huchelewa kuchacha. Nimeona miiko mingi ikilaumiwa kwa kunuka, kumbe kilichonuka ni mafuta ya alizeti.

Paka mchanganyiko ukiwa wa moto wa kuvumilika, hasa kwenye ncha za bapa na mwisho wa mpini. Hapo mirija ya mti imekatwa wazi na hunywa kuliko kwingine. Acha usiku kucha.

Siku ya nne. Futa yaliyobaki juu, paka mara ya pili, acha tena usiku, futa. Tayari.

Umefaulu ikiwa tone la maji likidondoka juu ya bapa linasimama kama shanga badala ya kunywewa.

## Hatua ya 5: Mpe kila mmoja kazi yake

Ugali, makande, maharage, wali wa mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu: mbao. Hakuna mjadala kwa ugali. Silikoni hata yenye mhimili huzunguka mkononi unga ukishakaza, na hapo ndipo mtu hujimwagia uji wa moto.

Mayai, sosi, keki, na kitu chochote kwenye frampeni yenye utando: silikoni.

Chapati kwenye chuma cha mkaa: bapa la mbao au la chuma. Maandazi na chipsi: kijiko cha chuma chenye matundu. Mafuta ya kukaangia huwa nyuzi 170 hadi 190, silikoni nzuri huvumilia, lakini jikoni kwenye haraka nani anapima? Naironi usiikaribishe hapo kabisa.

Tenga mwiko wa samaki. Usipa na dagaa huacha harufu kwenye mbao na kwenye silikoni pia, maana vyote viwili hunywa mafuta ya chakula. Nyumbani kwangu mwiko wa samaki una alama ya msumari wa moto mpinini ili hata mgeni ajue.

Makosa mawili yanayoua miiko mingi ni haya. La kwanza ni kuacha mwiko ndani ya maharage yanayochemka. Kwa kuwa maji yetu huchemka kwenye joto la chini, maharage yanakaa motoni muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, na mwiko uliosahauliwa ndani unachemshwa nayo saa mbili hadi tatu. La pili ni kuegemeza kijiko cha silikoni ukingoni mwa sufuria juu ya jiko la mkaa. Weka kisahani pembeni na kitumie.

## Hatua ya 6: Osha, kausha, ondoa harufu

Mbao: osha mara tu baada ya kupika, maji ya moto, sabuni na dodoki. Usiloweke kwenye beseni usiku kucha. Usitumie stilwaya, inafungua nyuzi. Ugali ukiganda, ufunike kwa kitambaa kibichi dakika kumi, utabanduka.

Kukausha ndilo tatizo la Rungwe, ambako mvua haiishi na nguo hukaa siku tatu kambani. Usiulaze mwiko kabatini wala kwenye kikapu cha plastiki. Ufute kwa kitambaa, uutundike bapa likiwa chini, mbali na ukuta, mahali penye hewa. Kama jiko lako linawaka jioni, kona yenye joto, umbali wa hatua mbili kutoka motoni, inatosha.

Madoa madogo ya ukungu juu tu: sugua kwa chumvi na nusu limau, suuza, kausha siku mbili, piga msasa 240, paka mafuta upya. Ukungu ulioingia ndani ya ufa hautoki. Weusi wa utomvu wa ndizi si ukungu. Uache, au upunguze kwa limau. Ukipaka mafuta kidogo kwenye mwiko kabla ya kupika ndizi mbichi, utomvu haushiki sana.

Silikoni inayonata au kunuka: tengeneza uji mzito wa magadi na maji, paka, acha nusu saa, kisha chemsha dakika kumi na suuza. Kunata mara nyingi ni tabaka la mafuta ya chakula ambalo sabuni ya maji baridi haikuliondoa. Rangi ya binzari na nyanya kwenye silikoni ya rangi hafifu haitatoka yote, na haina madhara.

Paka mbao mafuta tena kila mwezi, au wakati wowote tone la maji linapoanza kunywewa.

## Hatua ya 7: Jua wakati wa kuacha

Mwiko wa mbao uliolika upande mmoja bado ni mzima. Piga msasa uendelee. Wenye ufa ambao ukucha unaingia, au unaochambuka nyuzi, au unaonuka hata baada ya limau, uachane nao kwa chakula. Kama unajua ni mbao isiyo na dawa, unafaa kuwasha jiko kesho asubuhi.

Silikoni itupe ikikatika ukingoni, hata mkato ukiwa mdogo kama punje ya mchele, kwa sababu haishonwi na mkato huongezeka kila unapokwangua. Itupe pia ikiwa mhimili umetokeza, ikiwa imepauka na kuwa ngumu mahali ilipogusa moto, au ikiwa kichwa kinacheza. Hiyo usiitie motoni. Ifunge ndani ya mfuko, uipeleke jalalani.